Krosheti Kiplombe: kofia ya mtoto, blanketi, na hesabu iliyojificha ndani ya uzi

Juzi shangazi yangu wa Takaungu alinipigia simu akataka kujua jioni zote hizi za huku bara nazimaliza vipi. Nikamwambia nafuma blanketi. Akacheka mpaka akakohoa. Kwake yeye blanketi ni kitu cha kununuliwa mara moja, kikatandikwa juu ya godoro na kusahaulika, maana huko leso moja yatosha usiku kucha, na mara nyingi alfajiri hukutwa imeishia miguuni. Lakini mimi nakaa Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, mahali palipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 2,000 na zaidi. Usiku wa Julai, mvua ikinyesha tangu alasiri, joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mombasa kusi ikivuma mwezi huo huo watoto wa shule huvaa sweta na wazee hulalamika, na hapo bado ni nyuzi 20 na kitu. Huku blanketi si pambo.

Kwa kuwa si shangazi yangu peke yake anayeuliza, nimeona nieleze kazi hii ya krosheti ni nini, kofia ya mtoto hutengenezwaje, kwa nini wengine wetu tumeipenda hivi, na ni wapi inaweza kuleta madhara ukiifanya ovyo. Hilo la mwisho nimelijua kwa aibu yangu mwenyewe, nitalifikia.

Krosheti ni kufuma kwa sindano moja yenye kulabu nchani. Jina lenyewe ni la Kifaransa na maana yake ni kulabu ndogo. Unatengeneza kitanzi, unaupitisha uzi ndani yake kwa kulabu, unapata kitanzi kingine, na hivyo hivyo. Wanaosuka sweta kwa sindano mbili huwa na vitanzi kadhaa vimekaa sindanoni kwa wakati mmoja, na kimoja kikichopoka mstari mzima huteremka kama ngazi. Mwenye krosheti ana kitanzi kimoja tu mkononi. Simu ikilia unakivuta kidogo kiwe kikubwa, unaweka kazi chini, unaenda zako. Ndiyo maana ni kazi ya mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni.

Sisi wa pwani tuna jamaa wa karibu wa kazi hii. Babu yangu alikuwa akishona nyavu za jarife kivulini, na mtu akimtazama kutoka mbali angedhani ni kitu kimoja. Tofauti ni kwamba wavu hufungwa mafundo. Kila tundu lina fundo lake, na ukikata mahali pamoja wavu hautawanyiki. Krosheti haina fundo hata moja katikati yake. Blanketi zima ni uzi uliopita ndani ya uzi, na ukiivuta ile ncha ya mwisho ambayo hukuifunga, kazi ya mwezi mzima inafumuka ikarudi kuwa bonge la uzi mbele ya macho yako. Jambo hilo linauma, lakini ndilo linalomsamehe mwanafunzi: ukikosea unafumua, uzi haujapotea, unaanza upya. Mwenye ukili wa mkeka hana bahati hiyo, maana mwaa ukishakunjwa na kukaushwa hauturudii.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mpaka leo viwanda havina mashine inayofuma krosheti halisi. Sweta husukwa na mashine, soksi pia, na lesi za madirishani tangu zamani. Vile vinavyouzwa kwa jina la krosheti ya mashine ni usukaji wa aina nyingine unaofanana nayo kwa macho. Kwa hiyo ukikuta blauzi ya krosheti ya kweli kwenye mitumba, Kongowea au hapa Eldoret, ujue kuna mtu aliyekaa akaifuma kwa vidole vyake, mshono mmoja baada ya mwingine, na ile bei uliyotajiwa haihusiani kabisa na saa alizotumia.

Katika nchi hii krosheti haikuanza na kofia wala blanketi. Ilianza kuonekana kwa vitambaa. Nani hajaingia sebule ya Mkenya akakuta kila kiti kimevikwa kitambaa cheupe mgongoni na viwili mikononi, kingine juu ya redio, kingine juu ya meza, na amri kwamba visiguswe? Mama zetu walijifunza kwa wamishonari, kwa vyama vya akina mama wa kanisa, na kwa jirani. Kilichobadilika huku Uasin Gishu ni kwamba baridi imeipa kazi hii sababu nyingine, na uzi wenyewe uko mlangoni. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, ni mji wa nguo kwa muda mrefu. Rivatex ilianzishwa mwaka 1976, ikaanguka, ikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Raymond walikuwa wakitengeneza blanketi. Ken-Knit hutengeneza blanketi, sweta na uzi wa kufumia. Mtu wa Kiplombe akipanda matatu kuingia mjini hakosi bonge la uzi wa rangi aitakayo, na wauza uzi wanajua kukuelekeza ni upi wa sweta ya shule na upi unaofaa ngozi ya mtoto.

Sasa kofia. Huku huitwa boshori, iwe ya mtoto au ya mlinzi wa usiku.

Kofia yangu ya kwanza nilimfumia mjukuu wa jirani yangu, mama mmoja ambaye wajukuu wake humwita kogo, yaani bibi kwa Kikalenjin, na sote mtaani tumemfuata kumwita hivyo. Mtoto alikuwa na siku nne. Sikupima kitu. Nilikisia kwa ngumi yangu, nikatumia uzi mnene kwa kuwa ndio uliokuwepo, nikaweka ua kubwa mbele na kifungo katikati ya ua. Ilipendeza sana kwenye picha ya simu. Usiku mtoto akiwa amelala kofia ikateremka ikamfunika macho na pua, na mama yake, kwa kuwa alikuwa bado macho akinyonyesha, akaiona akaitoa. Asubuhi kogo akaja nayo mkononi. Hakugomba. Alisema tu, "Mama wa Pwani, hii ni ya mtoto wa miaka miwili. Keti nikuonyeshe." Kisha akakivuta kile kifungo kwa nguvu, kikatoka na uzi wake, akakiweka kwenye kiganja changu bila neno. Kifungo kama hicho ndicho mtoto wa miezi sita hukipeleka mdomoni.

Alichonionyesha kogo kwa vidole nimekuja kukielewa kwa hesabu baadaye, na hesabu yenyewe ni nzuri kiasi kwamba sioni kwa nini haifundishwi shuleni kwa sindano ya krosheti.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia huwa na mzingo wa sentimita 34 au 35 hivi. Kazi ya krosheti huvutika, kwa hiyo kofia inayobana vizuri bila kuumiza hufumwa ndogo kidogo kuliko kichwa, tuseme sentimita 30 hadi 32. Kofia ni sehemu mbili, kama kofia zetu za kazi ya mkono za Lamu na Unguja zilivyo sehemu mbili: duara la juu na ukuta wa pembeni. Tofauti ni kwamba ile ya Lamu hushonwa vipande viwili vikaunganishwa, na hii ya krosheti huanza katikati ya utosi ikateremka bila kukatika. Duara la juu likiwa na upana wa sentimita 10, mzingo wake ni sentimita 31 na kidogo. Hapo ndipo unapoacha kupanua na kuanza kuteremsha ukuta.

Duara hupanuliwa vipi? Hapa ndipo wanaoanza hukwama. Kanuni ya duara ni kwamba kila ukisogea nje kutoka katikati kwa kipimo kimoja, mzingo huongezeka kwa vipimo 6 na sehemu kidogo. Mshono mfupi wa krosheti una kimo karibu sawa na upana wake. Kwa hiyo kila mzunguko mmoja ukiongeza mishono 6, duara hulala bapa mezani: 6, kisha 12, 18, 24. Mshono mrefu kimo chake ni karibu mara mbili ya upana, kwa hiyo kila mzunguko mmoja unakuwa umesogea nje mara mbili zaidi, na nyongeza inakuwa 12: 12, 24, 36, 48. Kogo hakuwahi kuitaja kanuni ya duara, lakini alisema "kumi na mbili, halafu kumi na mbili tena, usiibe na usizidishe."

Kwa uzi wa unene wa wastani na sindano ya milimita 4, mizunguko minne ya mshono mrefu hukufikisha kwenye mishono 48 na duara la sentimita 10 hivi. Ukitoka hapo unafuma mishono hiyo hiyo 48 kila mzunguko, huongezi wala hupunguzi, na kofia yenyewe inajikunja kuteremka. Ukifika sentimita 14 kutoka utosini hadi ukingoni, inatosha. Mfumaji mzoefu huimaliza jioni moja. Mimi bado ni mbili. Mikono haifanani: mwenye kubana uzi atapata kofia ndogo kwa mishono ile ile, mwenye kulegeza atapata kubwa, kwa hiyo rula ya shule iwe kando yako, usiamini idadi peke yake.

Ukiiba, yaani ukiongeza pungufu ya 12, duara halilali. Linajikunja kuwa bakuli mapema, na unapata kofia iliyochongoka kama kifuu. Ukizidisha, ukingo unakuwa na urefu kuliko nafasi iliyopo, unaanza kupanda na kushuka mawimbi kama marinda ya gauni. Kila anayeanza amewahi kuketi akishangaa kwa nini kazi yake inapinda pinda. Nami nilidhani uzi ni mbovu.

Hapo ndipo watu wa Watamu na Kisite watanisikiliza. Yale mawimbi ndiyo umbo la matumbawe. Matumbawe mengi, na mwani, na hata majani ya saladi, hukua kwa kuongeza ukingoni kuliko duara la kawaida linavyotaka, na matokeo yake ni yale mapindo mapindo tunayoyaona maji yakiwa safi. Wanahisabati walilijua umbo hilo tangu karne ya 19 lakini hawakuwa na njia nzuri ya kulishika mkononi, karatasi ilikuwa ikichanika. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, akalifuma kwa krosheti ili wanafunzi wake walishike na kulikunja. Aliongeza mshono mmoja kila baada ya idadi fulani, bila kukoma, na likaja. Mwaka 2005 madada wawili, Margaret na Christine Wertheim, wakaanza kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa njia hiyo, na watu wa nchi nyingi wakajiunga. Kosa langu la Kiplombe, kumbe, ni somo la chuo kikuu. Nilipomweleza kogo alisema yeye angewaambia hao maprofesa wafumue.

Turudi kwa mtoto, maana hili si la mchezo. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, wakati chetu ni kama sehemu moja ya nane, na ngozi aliyonayo ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Joto lake lapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo hunyonya vibaya, na asiponyonya hupata baridi zaidi. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hana mafuta mwilini ya kuchoma. Shirika la Afya Duniani huziita hatua za kumlinda mnyororo wa joto: chumba cha kuzalia kiwe na joto, akaushwe mara tu akizaliwa, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe mapema, asiogeshwe mpaka saa 24 zipite, avishwe nguo tabaka moja au mbili zaidi ya alizovaa mtu mzima, na kofia. Mfumaji wa krosheti huanza kazi yake kwa cheni, kwa hiyo neno hilo la mnyororo nililipenda. Lakini angalieni kofia imewekwa wapi katika orodha. Kifua cha mama ndicho cha kwanza.

Njia ya kumbeba mtoto njiti kifuani, ambayo wengi huijua kwa jina la kangaruu, ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ianze mara tu mtoto njiti akizaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Katika mkao huo mtoto huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Kofia hapo ina kazi ya kweli, na hospitali nyingi duniani hupokea kofia zilizofumwa na watu majumbani. Ukitaka kupeleka, uliza kwanza wadi inataka ukubwa gani na uzi gani. Njiti wa wiki 32 kichwa chake ni kama sentimita 29, kwa hiyo ile mishono 48 itamvuka masikio. Na zifuliwe kabla hazijapelekwa, ziwekwe kwenye mfuko safi.

Upande wa pili wa jambo ni joto kuzidi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani huwashauri wazazi wasimlaze mtoto na kofia ndani ya nyumba baada ya zile saa za kwanza za maisha yake, isipokuwa kama yuko wadi ya watoto wanaohitaji uangalizi maalumu, na wasiweke blanketi lililolegea kitandani mwake kabla hajatimiza mwaka. Nyumba zao hupashwa joto kwa mitambo, zetu za Kiplombe hazipashwi, kwa hiyo siwezi kusema ushauri wao na wa Shirika la Afya Duniani unagongana. Kila mmoja anazungumzia chumba chake. Mimi nachukua hivi: kofia ni ya siku za mwanzo, ya kutoka nje, ya kwenda kliniki asubuhi na mapema kwenye boda boda akiwa mgongoni. Akilala usingizi wa usiku peke yake, kofia inatoka, anavishwa nguo za kutosha, analazwa chali. Mguse kifua au kisogo: kukiwa na jasho, punguza. Mikono na miguu kuwa baridi kidogo si dalili ya kutosha. Muuguzi wa kliniki atakujibu kuhusu mtoto wako kuliko mimi. Na nyinyi wa Mombasa, Malindi na Lamu, mtoto mwenye boshori ya uzi wa sufi saa saba mchana wa Februari anateseka. Nimewaona. Picha ikishapigwa mvueni.

Kwa nyinyi uzi wa pamba ndio wa kutumia. Unanyonya jasho, unapitisha hewa, unafulika. Uzi mwingi wa rangi za kuvutia madukani ni akriliki, ambayo ni plastiki kwa asili yake. Una joto, ni mwepesi, hauchuji haraka, bei yake ni nafuu, na huku kwetu ndio unaotumika zaidi, nami naufumia blanketi. Lakini haunyonyi jasho, na ukipata moto huyeyuka ukaganda kwenye ngozi. Usifumie kitambaa cha kushikia sufuria kwa akriliki, na blanketi lake lisikae karibu na jiko la makaa.

Blanketi ndilo lililonishika zaidi, kwa sababu halina haraka. Wengi huku hufuma vipande vya mraba, kimoja kimoja, kisha huviunganisha. Kipande cha sentimita 10 kwa 10 unakibeba kwenye mkoba, unakifuma kwenye foleni ya kliniki au ndani ya matatu ya kwenda mjini. Blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 90 lahitaji vipande 81. Ukikifuma kimoja kwa dakika 20, hiyo ni saa 27, na kuunganisha bado. Uzuri wake ni kwamba masalio ya uzi, yale mabonge madogo yanayobaki baada ya sweta, yote huingia. Kogo ana blanketi ambalo ukinyoosha kidole kwenye kipande chochote atakwambia ni sweta ya nani ilibakiza uzi huo, na mwenye sweta alimaliza darasa la nane mwaka gani. Sehemu ya kuangalia ni matundu. Mitindo mingi mizuri ya krosheti ina matundu makubwa, na kidole cha mtoto au cha mguu hupenya tundu, uzi ukajizungusha, asubuhi ukakikuta kimevimba. Kwa mtoto mchanga chagua mshono uliokaribiana, ncha zote zifichwe ndani kwa sindano ya tundu, sentimita tano au zaidi, kwenda na kurudi, ili zisichomoke.

Onyo moja kwa wanaojifunza kwa video za simu. Waingereza na Wamarekani hutumia majina yale yale kwa mishono tofauti. Anachokiita Mwingereza dabo krosheti, Mmarekani hukiita singo krosheti. Ukifuata maelezo ya Mmarekani kwa masikio ya Mwingereza, kofia itatoka nusu ya ulichokusudia. Kabla hujaanza tazama mtu anavyofanya, usisikilize jina. Kogo anasema fupi na refu tu, na hajawahi kukosea.

Je, kazi hii inaleta furaha kweli au ni maneno ya wenye nafasi? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, walichapisha majibu ya wafumaji wa krosheti zaidi ya 8,000 kutoka nchi nyingi. Karibu tisa kati ya kumi walisema huwatuliza, na wanane kati ya kumi walisema huwapa furaha. Mimi sishangai, lakini pia sioni kama ni ushahidi mkubwa, kwa sababu aliyeulizwa ni yule ambaye tayari anaipenda. Ungewauliza wavuvi wanaopenda bahari ungepata jibu hilo hilo. Ninachoweza kusema kwa yakini ni hiki: mikono ikihesabu hadi kumi na mbili, kichwa hakiwezi kuhesabu karo ya shule kwa wakati ule ule.

Ndiyo maana nina ugomvi mdogo na wale wanaomwona mtu na sindano mara moja wakamwambia, "Hiyo ni biashara, fungua ukurasa, uza." Nimejaribu. Nilipouza kofia tano nikapata oda ya ishirini, zote rangi moja, ziwe tayari Ijumaa. Kufikia Jumatano mkono wa kulia ulikuwa ukiuma tangu kidole gumba hadi kiwiko, na ile ya ishirini niliifuma nikiwa nimekasirika. Isitoshe, mnunuzi hulinganisha bei yako na kofia ya mashine iliyokuja na kontena, na saa zako hazimo katika hesabu yake. Wapo akina mama huku wanaolipa karo kwa krosheti na nawavulia boshori. Lakini si kila kinachofanywa na mwanamke jioni ni lazima kigeuzwe shilingi. Mume wangu hutazama mpira saa mbili kila Jumamosi na hakuna anayemuuliza faida yake.

Jumapili mchana huwa tunaketi kwa kogo, watu watano au sita, chai ya maziwa kwenye thamosi, mvua ikipiga mabati kiasi cha kutosikilizana. Kuna msichana mmoja wa chuo ambaye huja na simu yake na mitindo ya Wakorea, kofia zenye masikio ya dubu. Kogo hutazama, huuliza mishono mingapi mzunguko wa kwanza, kisha huifuma kabla video haijaisha.

Shangazi wa Takaungu, baada ya kunicheka, ameniagiza blanketi. Dogo, amesema, la miguuni tu, la ile miezi ya kusi. Ninalifuma kwa pamba, rangi ya bahari na nyeupe. Nimefikisha vipande 46 na uzi wa buluu umeniishia, na mwenye duka anasema rangi hiyo hiyo haitakuja mpaka wiki ijayo, nami sitaki kuchanganya na buluu nyingine.